Seti ya kusafishia raifo, miaka miwili Dodoma: nilichokipenda, nilichokitupa, na kila baada ya muda gani nasafisha

Mbukwenyi wadau. Nimeulizwa hili swali mara nyingi sana na majirani wenye bunduki huku kwetu Hombolo, kwamba we unasafisha lini na unasafisha kwa kutumia nini, nikaona bora niandike mara moja yote nilonayo, mwenye kusoma asome. Mwaka juzi nilinunua seti ya kusafishia raifo Dar, duka moja la silaha, shilingi elfu tisini na tano, kiboksi cha plastiki kimepangwa vizuri ndani, fimbo, brashi, vichwa vya kusukumia vitambaa, na kichupa cha mafuta. Duka lenyewe sina neno nalo, waliniuliza leseni, wakanihudumia kwa heshima, risiti nikapewa. Ninachotaka kuongelea ni vile vitu vilivyomo ndani ya boksi, maana vingine vimenisaidia kwelikweli na vingine vingeniharibia mtutu kama nisingekuwa na mtu wa kunifungua macho.

Kwanza niseme natumia nini ili msije mkafananisha na mnachotumia nyie. Nina Brno ZKK 600, ya Czechoslovakia ya zamani, risasi ya saizi ya .30-06, bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ya kuvuta kwa mkono. Ilikuwa ya marehemu baba. Alipofariki ilienda kukaa polisi mpaka nikamaliza kuhangaikia kibali changu mwenyewe, na siku nilipoichukua nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi ambaye amestaafu, anakaa mjini. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba uniangalizie hii kabla sijaipiga. Akaitikia marahaba, akavuta bolti akaitoa, akaelekeza mtutu dirishani akachungulia kwa nyuma, kimya, afu akaugeuza akachungulia kwa mbele, kimya tena. Afu akanionyesha kwa ncha ya kucha pale kwenye mdomo wa mtutu. Upande mmoja ulikuwa umelika. Yaani tundu badala ya kuwa duara limekuwa kama yai. Akaniuliza, mwanangu, baba yako alikuwa anaingizia fimbo wapi? Nikakumbuka. Baba alikuwa anakaa kwenye kigoda chini ya mbuyu, kitako cha bunduki katikati ya miguu, mdomo juu, anasugua kwa fimbo ya chuma aliyojitengenezea. Kila jumapili. Apige asipige, anasugua. Miaka zaidi ya ishirini.

Ule ukingo wa mdomo ndo kitu cha mwisho risasi inakigusa kabla haijaondoka. Kama hauko sawa pande zote, gesi ya baruti inatokea upande mmoja mapema kuliko mwingine, inaisukuma risasi kwenye kitako chake, na shabaha inapotea hata kama mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ni mizima kabisa. Fundi akakata kama sentimita moja akakereza upya ukingo, na bunduki ambayo baba miaka ya mwisho alikuwa analalamika imezeeka ikarudi kupiga vizuri. Haikuwa imezeeka, ilikuwa imesuguliwa. Hilo lilinigusa sana kwa sababu baba hakuwa mvivu wala mzembe, alikuwa anaipenda ile bunduki na alikuwa anaiharibu kwa mapenzi yaleyale.

Ndo maana napokuja kwenye hii seti naanza na fimbo.

Fimbo iliyomo ni ya aluminiamu, vipande vitatu vya kuunganisha kwa nati. Hii nimeitupa, nisingeshauri mtu aitumie kwenye raifo. Aluminiamu ni laini, inashika chembe za mchanga zinajigandisha kwenye mwili wake, na huku kwetu mchanga hauko mbali, upepo wa mwezi wa nane na wa tisa unakuletea vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai. Sasa fimbo yenye chembe za mchanga ukiipitisha kwenye mtutu ni msasa huo. Halafu zile sehemu za kuungia hazikai sawasawa, ukipitisha kidole unasikia kabisa kuna ngazi, na ukisukuma kwa nguvu fimbo inapinda katikati inaanza kukwaruza ukuta. Nikaagiza fimbo nyingine kwa shemeji yangu aliyekuwa anatoka Afrika Kusini, ni ya kipande kimoja, chuma ndani na nje imevikwa ngozi ya plastiki ngumu, mkono wake unazunguka kwenye beringi ili brashi ifuate mifereji inavyojizungusha. Ilinigharimu peke yake zaidi ya seti nzima na sijajutia hata shilingi. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua fimbo nzuri, vingine vyote unaweza kuvitafutia mbadala nyumbani.

Na unaiingiza kwa nyuma. Brno unaondoa risasi zote, unafungua bolti unaivuta nyuma, unabonyeza kile kidude cha kushoto bolti inatoka nzima, mtutu unabaki wazi mwanzo mpaka mwisho. Unachungulia unahakikisha hamna kitu. Hapo unaingiza fimbo kwa nyuma inatokea mbele, kitambaa kinadondoka, unarudisha fimbo taratibu. Kuna bomba dogo la plastiki la kuweka mahali pa bolti ili fimbo ipite katikati isiguse kuta za chemba, pale risasi inapokaa, seti yangu haikuwa nalo, ni pungufu kubwa. Mi nimechonga la kwangu kwa kipande cha bomba la maji, sio zuri sana ila linafanya kazi.

Kuna mtu ataniambia mbona SMG na SAR, zile bunduki za jeshini, tulikuwa tunasafishia mbele. Ni kweli, hata mi nimepita JKT na nidhamu ya kusafisha silaha nimeitoa huko, wala siiachi. Ila zile silaha zimeundwa hivyo, nyuma hamna njia ya kunyoosha fimbo. Na ukikumbuka, kile kikopo cha vifaa cha SMG kina kifuniko chenye tundu, kile kifuniko unakivika mdomoni mwa mtutu fimbo ipite kwenye tundu lake, kazi yake ni kulinda ukingo. Wengi tulikuwa tunakiona kifuniko tu. Halafu mitutu yake mingi imepakwa kromu ndani, na ni silaha ya gesi, masizi yanarudi mpaka kwenye pistoni, kwa hiyo kusafisha kila siku ina sababu yake. Raifo ya bolti ya kuwindia ambayo inapiga risasi thelathini au arobaini kwa mwaka mzima ni kiumbe kingine. Ukiichukulia ratiba ya jeshini ukaipeleka kwenye raifo yako ya nyumbani, unafanya alichofanya baba.

Brashi sasa. Seti ina brashi mbili za shaba na moja ya nailoni. Za shaba ni nzuri, zimekaza, ya kwanza nimeitumia mwaka na nusu ndo imeanza kulegea. Moja tu naomba mzingatie, ukishaiingiza brashi usigeuze mwelekeo ikiwa bado ndani, isukume mpaka itoke yote ndo uirudishe, ukigeuza katikati nywele zinapinda na brashi inakwisha siku hiyohiyo. Na ukimaliza isuuze, usiiache na dawa, dawa inaila.

Kichwa cha kusukumia kitambaa ndo kilinitesa, na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu nina hakika kuna watu wamepotelea hapa kama mimi. Risasi ya raifo ina ganda la shaba kwa nje, ikipita kwenye mtutu inaacha utando mwembamba wa shaba kwenye mifereji. Masizi ya baruti yanatoka kwa dawa ya kawaida, shaba haitoki, inataka dawa yenye amonia, na dawa ikikutana na shaba kitambaa kinatoka na rangi ya bluu au kijani. Kwa hiyo mafundisho ni kwamba unaendelea mpaka kitambaa kitoke bila bluu. Basi nikanunua dawa ya shaba, nikakaa jioni ya kwanza, bluu. Nikasugua, bluu. Jioni ya pili, bluu ileile, haipungui. Jioni ya tatu mke wangu akaniuliza baba fulani hiyo bunduki inaumwa nini, nyumba nzima inanuka amonia. Nikampigia yule mzee. Akaniuliza kitu kimoja tu, kichwa cha fimbo yako ni cha rangi gani? Nikamwambia cha njano. Akasema mwanangu, unasafisha kichwa cha fimbo, mtutu ulishamaliza zamani.

Kile kichwa ni shaba! Dawa inaila shaba ya kichwa inapaka kitambaa bluu, na itaendelea hivyo mpaka siku kichwa chenyewe kitakapokwisha. Brashi ya shaba nayo hivyohivyo. Nikabadilisha nikaweka kichwa cha plastiki ngumu, vitambaa viwili tu, vyeupe. Jioni tatu nilisugua mtutu uliokuwa safi kwa dawa kali. Watengenezaji wa seti wanaweka kichwa cha shaba kwa sababu hakikwaruzi chuma, hilo ni sahihi, ila wangeandika hata mstari mmoja kwenye karatasi ya maelezo kwamba kwa dawa ya shaba usikitumie, na hawakuandika. Na dawa za amonia usizilaze usiku kucha, chupa yangu imeandika isizidi dakika 15, na ukimaliza unaitoa yote kwa vitambaa vikavu afu unapitisha mafuta, maana ukiiacha inaanza kushambulia chuma.

Kuhusu dawa na mafuta. Kile kichupa kilichokuja na seti sijui ni mafuta ya namna gani, hayana jina, yalikauka yakawa kama gundi baada ya miezi michache, nikayamwaga. Natumia vitu viwili. Dawa ya kung'oa masizi ni Hoppe's No. 9, ile ya Marekani ambayo ilianza mwaka 1903, ina harufu kama ya ndizi mbivu hivi, ukishaizoea ukiisikia popote unajua kuna mtu anasafisha bunduki. Inang'oa masizi vizuri sana, shaba inaing'oa polepole, na kwa mpigaji wa kawaida hiyo polepole inatosha. Chunga isidondokee kwenye mbao ya kitako, inababua vanishi. Mafuta ya kulinda ni Ballistol ya Ujerumani, nayo ni ya zamani, mwanzo wa karne iliyopita, ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi lao, ipake kwenye chuma, kwenye mbao, kwenye mkanda wa ngozi, haidhuru. Haigandi na hilo ndo nililolitaka. Kopo dogo linanimalizia mwaka na zaidi.

Sasa najua sio kila mtu atapata hizo, ngoja niseme ya nyumbani. Mafuta ya taa yanayeyusha masizi, yanafaa kusafishia, ila hayalindi chuma, yakikauka yanakuacha mtupu, kwa hiyo lazima upake mafuta juu yake. Oili ya injini mpya, nyepesi, tone moja moja, inafaa kwa dharura. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari hapana jamani, ile imejaa masizi na vipande vya chuma. Na mafuta ya alizeti naomba kabisa msitumie. Nasema hivi kwa sababu huku kati, Singida na Dodoma, alizeti iko kila nyumba na mtu anaona ni mafuta safi mazuri ya kupikia, kwa nini yasifae. Mafuta ya alizeti yanapokaa hewani yanaganda, yanakuwa utando wa kunata kama ule unaouona pembeni ya kikaango cha chipsi. Kuna baba mdogo wangu alikuwa na raifo aliyoipaka alizeti kwenye bolti pamoja na pini ya kupigia ndani, siku ameihitaji amevuta kifyatulio pini ikaenda taratibu kama inasinzia, fataki, yaani kile kiwashio kitakoni mwa risasi, haikuwaka. Tulivyoifungua ilikuwa rangi ya asali ndani. Iliyeyushwa na mafuta ya taa na mswaki, saa mbili nzima.

Hata mafuta mazuri usiyazidishe. Dodoma sio Tanga. Pwani adui ni chumvi na unyevu, huku kwetu miezi saba nane ya mwaka ni ukame, kutu inakuja taratibu, ila vumbi halina likizo. Bolti iliyolowa mafuta ukiitembeza kwenye pikapu kutoka Manyoni mpaka hapa inafika ina unga wa rangi nyekundu kama imekaangwa, na ule unga pamoja na mafuta ndo unasaga chuma. Nje ya chuma nafuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo mpaka ukipitisha kidole kibaki na unyevunyevu tu. Bolti tone moja nyuma ya zile kucha zinazofungia, basi. Ndani kwa pini napaacha pakavu au karibu na kukauka. Mzee pia alinifundisha baada ya kusafisha niisimamishe mdomo chini juu ya kitambaa usiku mmoja, ili mafuta yaliyobaki yatiririkie nje badala ya kurudi nyuma kwenye mbao. Brno ya baba mbao yake nyuma ya chemba ilikuwa nyeusi na laini, imekunywa mafuta miaka yote ile iliyosimama mdomo juu.

Haya, lini sasa. Mimi nafanya hivi na sisemi ndo amri.

Nikipiga, hata risasi moja, nasafisha siku ileile au kesho yake asubuhi. Vitambaa viwili vya Hoppe's, nasubiri kama dakika kumi wakati nafuta bolti na kuangalia kucha ya kutolea ganda maana pale uchafu unajificha, napitisha brashi mara nane mpaka kumi, kitambaa kingine cha dawa, vikavu vitatu au vinne mpaka kitoke na rangi ya kijivu tu, cha mwisho chenye mafuta. Nusu saa imeisha. Sitafuti kitambaa cheupe kama sanda. Kijivu kidogo hakijawahi kuharibu mtutu wa mtu.

Nikiibeba bila kupiga, nafuta nje. Hii wengi wanaisahau, ila jasho la kiganja ndo linaanzisha kutu kwenye raifo nyingi nilizoziona huku, pale kwenye magazini ya risasi unaposhika ukitembea, na kwenye mpini wa bolti. Kama kulikuwa na vumbi napitisha kitambaa kikavu kimoja mtutuni na kwenye chemba.

Ikiwa imekaa tu, kiangazi naiangalia mara moja kwa mwezi, masika, yaani Desemba mpaka Aprili huku kwetu, kila wiki au wiki mbili. Kuangalia, sio kusugua. Unachungulia kwenye mwanga, unafuta nje, unarudisha kabatini. Na usiihifadhi ndani ya ule mfuko wa turubai wenye sponji, ule mfuko ni wa safari. Sponji linashika unyevu linaukumbatia kwenye chuma, mfuko wa ngozi nao ni hivyohivyo. Kabati la chuma, imefungwa, risasi mbali, hiyo ni usalama wa watoto.

Kusafisha kwa kina, ile ya kung'oa shaba, nafanya pale tu shabaha inapoanza kutawanyika bila sababu nyingine, nimeshaangalia skrubu za skopu (darubini ya kulengea) na za kitako zimekaza, nimebadilisha boksi la risasi, bado inatawanyika. Kwa upigaji wangu imekuwa mara mbili tu kwa miaka miwili, na mara moja kati ya hizo ni ile ya jioni tatu nilizosimulia. Wanaopiga shabaha kila wiki watakuwa na hesabu yao, wanapiga kwa siku moja ninachopiga mimi mwaka mzima.

Kuna jambo moja linabadilisha haya yote, ni aina ya risasi. Risasi mpya za dukani siku hizi fataki zake hazina chumvi. Za zamani za kijeshi, nyingi zilitengenezwa na fataki zinazoacha chumvi mtutuni, jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata hapa kwetu kwenye ukavu, kesho yake unakuta kutu. Na hapo mafuta hayakusaidii kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Unamimina maji ya moto kwa nyuma yatokee mbele, unakausha vizuri, ndo unapaka mafuta. Ballistol inachanganyika na maji, ukichanganya inakuwa kama maziwa, hiyo nayo inafaa kwa kazi hii. Mzee fundi anasema mitutu iliyooza ya enzi zao ilitokana na hii chumvi, na ndo maana wazee wetu walifundishwa kusugua sana na wakatufundisha na sisi, ila risasi zimebadilika na ushauri umebaki uleule.

Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu utoe mafuta. Mtutu wenye mafuta risasi ya kwanza inaenda kwake, yangu inapanda juu kama vidole vitatu mita 100, ya pili ndo inakaa mahali pake. Na mafuta yakiwa mengi ni hatari kabisa, yanaongeza mgandamizo. Chungulia kila mara, kila mara nasema, kwa sababu nyigu wa udongo huku wanajenga popote penye tundu, jirani alikuta kiota kwenye mtutu wa shotigani iliyokaa kona miezi miwili. Mi nikienda porini nabandika kipande cha seloteipu mdomoni, vumbi na wadudu hawaingii, hewa inayotangulia risasi inaitoa yenyewe.

Mwenye .22 asihangaike sana, ile inapiga risasi ya madini ya risasi yenye nta, nta inalinda mtutu, wengi wanaopiga .22 wanasafisha chemba na bolti na mtutu wanauacha mpaka shabaha ilegee. Shotigani ni masizi na plastiki ya ndani ya risasi yake, brashi na kitambaa kikubwa, imeisha.

Nilijaribu pia ile kamba ya kuvuta yenye brashi iliyofumwa ndani yake, ya mwendo mmoja. Iko vizuri kwa porini, unadondosha uzito wa kamba kwa nyuma unavuta mbele, dakika moja. Nyumbani siitumii kwa sababu uchafu wa jana unaurudisha leo usipoifua, na ukiivuta ivute imenyooka, ukiivutia pembeni kamba nayo inakata ukingo kidogokidogo. Ikianza kufumuka itupe, ikikatikia ndani utajuta.

Vitambaa vya kwenye seti vilikuwa hamsini tu na vilikuwa vikubwa kwa .30, fimbo inakwama. Nakata fulana za pamba za mtumba, soko la Sabasaba nilipata mbili kwa elfu moja, zinanitosha miezi, zikatwe ndogo kiasi kwamba unasukuma kwa kiganja bila kupiga. Fungua dirisha, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa ugali, yale masizi ya fataki yana madini ya risasi ndani yake.

Kwa hiyo kwa elfu tisini na tano nilichobaki nacho ni brashi za shaba, brashi ya nailoni na boksi. Kama unaanza leo, usinunue seti, nunua kimoja kimoja: fimbo ya kipande kimoja iliyovikwa plastiki, brashi mbili za shaba za saizi yako, kichwa cha plastiki, Hoppe's, Ballistol, na bomba la kuongozea fimbo likipatikana. Pima urefu wa mtutu pamoja na sehemu ya bolti kabla hujaagiza fimbo, mi ya kwanza aliyoleta shemeji ilikuwa ya karabini, raifo yenye mtutu mfupi, ikaishia sentimita tano kabla ya mdomo na ikabidi arudi nayo.